Nani Ainame?

Methali tuliyoikariri shuleni husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu waliieleza kuwa funzo la bidii: ukikitaka kitu, kubali taabu ya kukipata. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya methali hiyo mna mtu mmoja tu. Anayetaka ndiye anayeinama. Hamu ni yake na mgongo ni wake. Ingia katika nyumba nyingi za mijini leo uone jinsi kazi hiyo ilivyogawanywa. Mmoja anataka sakafu ing'ae. Mwingine anapiga magoti.

Nataka kuuliza kama mgawanyo huo ni wa haki, na kama si wa haki, kasoro yake iko wapi hasa. Jibu la haraka, kwamba kila mtu asafishe kwake, halinitoshi. Jibu jingine la haraka, kwamba kazi ni kazi mradi mshahara unalipwa, halinitoshi pia. Ili tusipotelee katika maneno makubwa, nitashikilia kitu kimoja kinachoonekana na kukanyagwa: sakafu ya mbao nyumbani. Saruji huvumilia karibu kila unachoifanyia. Vigae ukivikosea leo, kesho unavisugua vikarudi vilivyokuwa. Mbao huweka kumbukumbu, na kwa hiyo ni shahidi mzuri.

Lugha yetu yenyewe ilijifunza usafi wa aina hii juu ya mbao. Dar es Salaam watu hudeki, na kitambaa chao ni dekio. Katika vitabu vya shule vya Kenya mtu hupiga deki, ingawa mitaani Nairobi utasikia zaidi kuosha nyumba. Deki ni neno la Kiingereza la sitaha ya meli. Anayedeki sebule ya vigae huko Sinza anafanya, kwa jina, kazi ya baharia. Enzi za meli za mbao sitaha ilimwagiwa maji ya bahari mara kwa mara, na sababu haikuwa usafi peke yake. Mbao zikilowa hufura, zikifura hubanana, na mianya ikizibana maji hayavuji kwenda chini kwenye shehena na vitanda vya watu.

Zilaze mbao za namna hiyo sebuleni, na utunzaji unageuka kinyume. Maji yaliyokuwa yakiiokoa sitaha ndiyo yanayoiharibu sakafu. Ubao, hata uwe umekatwa miaka sitini iliyopita, bado hunywa unyevu na kuutoa. Msimu wa mvua hutanuka kwa upana wake, kiangazi husinyaa na kuacha mianya unayoweza kupitisha ukucha. Fundi mzuri huacha nafasi ndogo kandokando ya kuta, ikafichwa na ubao wa ukingo, ili sakafu ipate mahali pa kupumulia. Maji yakimwagwa mengi na kuachwa yazame, sehemu ya chini ya kibao hufura kuliko ya juu, kingo zikainuka na katikati pakawa kama kisahani. Katika nyumba za zamani vibao vingi vilibandikwa kwa lami juu ya zege. Unyevu ukipenya hadi huko, kibao huachia na kuanza kucheza chini ya mguu.

Sakafu ninazozungumzia zipo katika nyumba za serikali zilizojengwa wakati wa ukoloni, na katika majengo ya ghorofa ya miaka ya hamsini na sitini: Nairobi, Nakuru, Arusha, Moshi. Ni vipande vifupi vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa mshazari kama mifupa ya samaki, au kwa miraba inayopishana kama ukili wa mkeka. Wengine huiita parke. Baadhi ni mvule, baadhi mninga. Zilizo bora ni za muhuhu, mti ambao Wakikuyu huuita muhugu, wenye mbao nzito na harufu tamu inayokaribia ile ya msandali. Mita moja ya ujazo ya muhuhu mkavu hukaribia kilo 900. Ulaya iliununua mti huu kwa ajili ya sakafu za majengo ya umma, kwa sababu hauchakai upesi chini ya nyayo nyingi. Wachongaji wa Ukambani wameutumia kwa vinyago. Nao hukua polepole mno. Msitu wa Karura, ule aliouteteã Wangari Maathai na wenzake mwishoni mwa miaka ya tisini usigawiwe wajenzi, bado una miti hii, na aliyepanda mche wake leo hatarajii kukata mbao za sakafu maishani mwake.

Hapo pana wajibu wa kwanza, na huu hauhusu mtumishi wala mwajiri. Sakafu ya muhuhu ni kipande cha msitu ambacho hakuna mtu aliye hai anayeweza kukirudisha. Anayeimiliki ameikuta. Ikiharibika kwa uzembe, fedha zitanunua mbao nyingine, lakini hazitanunua miaka. Nadhani ndiyo maana uharibifu wa sakafu ya namna hiyo huuma hata ukiuona katika nyumba ya mtu usiyemjua.

Utunzaji wake hauna siri. Adui wa kwanza ni mchanga. Kila punje inayoingia kwa viatu ni msasa mdogo, na watu wa nyumbani wakipita juu yake kutwa nzima wanaikwaruza sakafu bila kujua. Kwa hiyo kazi kubwa ni kufagia, kila siku, kwa ufagio laini, na kuweka mkeka mlangoni. Kufuta huja baadaye, kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe hata tone, kufuata uelekeo wa nyuzi za mbao, na maji yakimwagika yakaushwe papo hapo. Siki ambayo watu huisifia ina asidi, na ikitumiwa mara kwa mara hufifisha ng'ao. Sakafu ya nta hupakwa nta kidogo sana kwa kitambaa, ikaachwa ikauke, kisha ikasuguliwa; ukiizidisha inakuwa tabaka lenye kunata linalokamata vumbi. Sakafu ya vanishi haitaki nta kabisa. Miguu ya viti huvishwa vipande vya kitambaa kinene. Hayo yakifanywa, sakafu huishi kuliko wenyewe.

Yasipofanywa, lipo suluhisho la kishindo: kuita fundi mwenye mashine ya msasa. Mashine itanguruma siku mbili, vumbi litajaa nyumba nzima, na sakafu itatoka kama mpya. Lakini mashine haiondoi uchafu tu. Inakula mbao. Kibao kinene huvumilia msasa wa namna hiyo mara chache, kisha hakibaki cha kusuguliwa. Ukarabati mkubwa hulipa kwa mwili wa kitu kile kile unachodai kukiokoa, ilhali kazi ndogo ya kila asubuhi haikipunguzi chochote. Hata hivyo ni ukarabati unaopigwa picha. Kazi ya kila asubuhi, ikifanywa vizuri, haionekani. Inaonekana siku isipofanywa.

Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alitenganisha kazi inayoacha kitu duniani, kama ya seremala atengenezaye meza, na ile inayoliwa na siku yenyewe, kama kupika na kufagia, ambayo kesho inabidi ianze upya. Utengano huo unasaidia kueleza kwa nini fundi aliyelaza sakafu anakumbukwa na anayeifagia hakumbukwi. Ila sakafu ya mbao inautia mashaka. Kazi ya fundi ilichukua wiki chache. Kilichoifanya iwepo miaka sitini baadaye ni maelfu ya asubuhi za mtu mwenye ufagio. Bila yeye, kile kitu cha kudumu kisingedumu. Ukisema seremala ameacha kitu duniani, itabidi useme na mfagiaji amekiacha.

Mfagiaji huyo ni nani? Majina tunayompa yanaeleza mengi. Hausigeli. Beki tatu, kwa mzaha wa Dar es Salaam. Mboch, kwa vijana wa Nairobi. Wakoloni walimwita boi hata akiwa na wajukuu. Siku hizi wengi wetu tunasema dada, neno zuri, lenye heshima ya undugu, na mara nyingi tunalitumia kwa mtu ambaye hatujui jina la kijiji chake.

Yeye ndiye anayeijua sakafu. Anajua kibao kipi karibu na mlango wa bafu hutoa sauti ya mwanya ukikigonga. Anajua jua la saa tisa linafika wapi na limechubua rangi kiasi gani, mchanga unaingia zaidi kutoka mlango upi, ni mguu wa kiti kipi umepoteza kitambaa chake. Mwenye nyumba anajua aina ya mti na bei ya mita moja ya mraba. Wote wawili wana ujuzi, lakini ni mmoja tu anayeulizwa.

John Locke, Mwingereza ambaye kitabu chake cha pili kuhusu serikali kilitoka mwaka 1689, alijenga hoja maarufu kwamba kitu kisicho na mwenyewe huwa changu pale ninapokichanganya na kazi yangu. Mwili wangu ni wangu, jasho langu ni langu, basi nilichokitolea jasho kinakuwa changu. Wanafunzi wengi husoma hoja hiyo na kuishia hapo. Katika sura hiyo hiyo Locke anatoa mifano, na miongoni mwayo anahesabu majani yaliyoliwa na farasi wake na udongo wa nyasi uliokatwa na mtumishi wake, kwamba navyo ni vyake yeye Locke. Mtumishi amewekwa kati ya farasi na bwana, na jasho lake limehesabiwa kuwa la bwana bila maelezo zaidi. Hoja iliyoanza kwa kusema kila mtu anamiliki jasho lake inamaliza mfano wake kwa jasho la mtu mmoja kuhamia kwa mwingine, na mwandishi haonekani kushtuka.

Sidai kwamba anayefagia sakafu awe mwenye sakafu. Ameajiriwa, amekubali ujira. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi mtu anavyoweza kutoweka ndani ya sentensi yenye mantiki kabisa. Mgeni akiingia husema, "Una sakafu nzuri." Mwenyeji hujibu asante. Katika mazungumzo hayo mafupi sifa imepanda ghorofani na hakuna aliyesema uongo.

Wapo waliojaribu kumtazama anayeinama. Mwaka 1875 Gustave Caillebotte, mchoraji Mfaransa wa familia tajiri, alichora wanaume watatu wakikwangua sakafu ya mbao katika chumba cha Paris. Wako vifua wazi, wamepiga magoti, mikono imenyooshwa mbele, mabaki ya mbao yamejikunja kando yao, na chupa ya mvinyo iko pembeni. Maonyesho rasmi ya mwaka huo yaliikataa picha hiyo. Kuonyesha vibarua wa mjini wakiwa kazini, bila hadithi ya kishujaa, kulionekana kuwa jambo lisilopendeza. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa na kundi la wachoraji wenzake walioasi, na leo iko katika jumba la Orsay, Paris. Naipenda picha hiyo kwa uaminifu wake. Inatazama kutoka juu. Mchoraji amesimama na wao wako chini, na hakujaribu kuficha pembe aliyotazamia. Tunaona migongo, tunaona mwanga juu ya mbao, nyuso karibu hatuzioni.

Magoti nayo yana historia yake. Mbele ya mfupa wa goti kuna kifuko kidogo chenye majimaji kinachopunguza msuguano. Mtu akipiga magoti juu ya kitu kigumu kwa muda mrefu, miaka na miaka, kifuko hicho huweza kuvimba na kuuma. Madaktari Waingereza waliupa uvimbe huo jina la goti la mtumishi wa ndani. Ugonjwa uliitwa kwa cheo cha mgonjwa, kama vile hakuna mwingine angeupata. Na kwa kweli sakafu ya mbao haihitaji magoti hayo kila siku. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri kwenye mpini mrefu hufuta sawasawa. Hata hivyo ziko nyumba ambamo mwajiri husisitiza mikono na magoti kwa sababu "ndivyo inavyotakata." Anayesema hivyo kwa kawaida hajawahi kulipia kwa goti lake.

Hapa ndipo suala linapotoka kwenye nadharia. Katika jengo la zamani ninaloishi Nairobi, lenye sakafu za parke, familia moja ilihamia na mtoto anayetambaa. Mama wa mtoto alitaka sakafu ioshwe kila siku kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu, maji yamwagwe, yaachwe kidogo, kisha yakokotwe. Dada aliyekuwa akifanya kazi pale alikuwa amekaa miaka mingi katika nyumba nyingine yenye sakafu kama hiyo. Alisema haitafaa. Akaambiwa afanye anavyoelekezwa. Mwezi wa tatu vibao vilivyo karibu na roshani vikainuka kingo, vingine vikaachia kabisa, na doa la maji likatokea kwenye dari ya jirani wa chini. Mwenye jengo alitaja gharama za kurekebisha. Mwajiri akaanza kuzikata kidogo kidogo kwenye mshahara wa dada.

Nilizisikia habari hizo juu ya paa tunapoanika nguo. Hakulia wala hakutukana mtu. Alisema, "Nilimwambia mama hii haitaki maji mengi. Sasa anasema ni mimi niliyemwaga. Na ni kweli, ni mimi niliyemwaga."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Alikuwa amelikubali shtaka kwa sababu mkono ulikuwa wake. Ukifuatilia chanzo cha uharibifu kwa macho, utafika kwenye ndoo, kisha mkono wake, na hapo utasimama. Ukifuatilia uamuzi, mkono huo ulikuwa unabeba nia ya mtu mwingine na ulikuwa umeshatoa onyo. Sheria na maadili ya karibu kila jamii hutambua tofauti hiyo pale ambapo mwenye mamlaka ni askari au afisa. Nyumbani tunaisahau. Nadhani tunaisahau kwa sababu ile ile iliyomfanya Locke asishtuke: tumezoea kuuhesabu mkono wa mtumishi kuwa wetu unapofanya vizuri. Ajabu ni kwamba unapoharibu tunaurudisha kwake.

Sasa naweza kusema kasoro iko wapi. Katika kazi ya kutunza nyumba kuna mambo matano yanayoweza kugawanywa: kazi yenyewe, ujuzi, uamuzi, sifa na lawama. Kuajiri mtu ni kumpa la kwanza kwa malipo. La pili linamfuata lenyewe, kwa sababu ujuzi wa sakafu huingia kwa kuigusa. Katika mpango wa kawaida uamuzi na sifa hubaki juu, na lawama hushushwa chini kwa yule aliyekwisha kubeba kazi na ujuzi. Dhuluma imo katika upangaji huo. Mshahara hata ukiongezwa hauuondoi, ingawa mara nyingi unapaswa kuongezwa.

Kuna pingamizi mbili ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza inasema: basi kila mtu apige deki kwake, tumalize. Hoja hii huvutia vijana wenye dhamiri, hasa wanaoishi peke yao katika chumba kimoja. Lakini wako akina mama wa Machakos, Kakamega, Singida na Iringa ambao karo za watoto wao hutoka kwenye sakafu za watu wengine. Nikimwachisha mtu kazi ili niwe msafi wa moyo, nimejinunulia utulivu kwa mkate wake. Isitoshe, yuko mwenye goti bovu, yuko mjamzito, yuko anayefanya zamu mbili hospitalini. Kumsaidia mtu na kulipwa kwa kumsaidia hakuna aibu ndani yake.

Ya pili inasema: hata viatu vyangu sijashona mimi, wala sijui namna ya kuvishona, kwa nini sakafu iwe tofauti? Hili ni pingamizi lenye nguvu zaidi. Jibu langu ni kwamba fundi viatu hupewa kile ambacho dada hanyimwi kwa bahati mbaya. Fundi akikuambia soli hii haitakubali gundi hiyo, unamsikiliza, na usipomsikiliza huwezi kurudi kumdai kiatu kikibanduka. Uamuzi wake unaheshimiwa kwa kuwa tunamhesabu kuwa mjuzi. Kazi ya sakafu tunaihesabu kuwa ya yeyote mwenye mikono miwili, ndiyo maana tunadhani haina ujuzi wa kuheshimiwa. Mfano wa viatu, ukiufuata hadi mwisho, unanipa ninachokidai.

Ninachokidai ni kwamba zipo njia mbili za uaminifu za kumiliki kitu unachotunziwa na mtu mwingine. Ama uinamie wewe mwenyewe kiasi cha kukijua, ndipo uamue. Ama umwachie uamuzi yule anayekijua, umlipe kwa ujuzi huo pia, na sifa ikija uipokee kwa niaba yake kwa kumtaja. Njia ya tatu, ya kushika uamuzi bila ujuzi na kugawa lawama, ndiyo iliyozoeleka, na haina utetezi ninaoweza kuuona.

Tutauliza kwa nini imezoeleka. Sehemu ya jibu iko shuleni. Wengi wetu tuliosoma shule za bweni tulifagia mabweni na kudeki madarasa kwa zamu, na hilo lilikuwa jema. Lakini pia tulidekishwa kama adhabu. Aliyechelewa alideki korido. Aliyepiga kelele alisugua choo. Bila mtu kutamka, tulifundishwa kwamba anayeshika dekio ama hana cheo ama amekosa. Japani nako wanafunzi husafisha madarasa yao. Picha ya watoto walioinama wakisukuma vitambaa kwenye korido ya mbao wanaijua wengi. Kule ni sehemu ya siku ya shule, ya wote, asiyekosea na aliyekosea. Sitaki kuipamba nchi ya watu. Nayo ina tabaka zake. Nasema tu kwamba tendo moja linaweza kufundisha mambo mawili, kutegemea nani anatakiwa kulitenda na kwa sababu gani.

Mmarekani mmoja, Mierle Laderman Ukeles, alilichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wanafalsafa wengi. Mwaka 1969, akiwa msanii aliyepata mtoto na kujikuta siku zake zimemezwa na usafi, aliandika tamko kwamba kutunza ni sanaa sawa na kuumba. Mwaka 1973 alipiga magoti akaosha ngazi na sakafu za jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum mjini Hartford, mbele ya wageni, kama kazi yake ya sanaa. Baadaye alikwenda kwa wafanyakazi wa taka wa jiji la New York, zaidi ya 8,500, akampa kila mmoja mkono na kumshukuru. Mwenye kejeli atasema kwamba msanii akiinama anapata jina, na mfagiaji wa jumba hilo aliendelea kuinama kesho yake bila jina. Kejeli hiyo ina ukweli. Hata hivyo alifanya kitu ambacho mwajiri wa jengo letu hakukifanya. Alishuka mpaka chini kabla ya kusema lolote kuhusu walio chini.

Kwa anayeishi juu ya sakafu ya mbao, kuna jambo dogo la kuanzia. Mafundi wana namna ya kujua kama sakafu imepakwa nta au vanishi, kwa sababu hupaswi kuzitunza kwa namna moja. Nenda kwenye kona isiyoonekana, nyuma ya kabati. Dondosha tone moja la maji kwa ncha ya kidole na usubiri kama dakika kumi. Pakigeuka peupe, ni nta. Doa hilo litaondoka ukilisugua taratibu kwa nta kidogo. Tone likikaa juu bila kubadilisha kitu, ni vanishi. Hakuna namna ya kulitazama vizuri ukiwa umesimama. Na kama kuna mtu anayeifuta sakafu hiyo kila siku, muulize kabla hujadondosha. Pengine atakujibu papo hapo, na dakika kumi hizo mnaweza kuzitumia kwa kusikiliza anayoyajua mengine.